Kinyongo cha Kaskazini: Vita Viliisha, Sheria Zake Zikabaki

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kufuta utaratibu maalumu wa kuwapiga msasa wakazi wa kaskazini mwa Kenya kabla ya kupewa vitambulisho vya kitaifa. Wenyeji walishangilia. Kwingineko nchini lawama zikamiminika: anatafuta kura za 2027, anawafungulia Al-Shabaab mlango, anauza nchi rejareja. Kilichonivutia ni jinsi mabishano yale yalivyokataa kubaki kwenye vitambulisho. Haukupita muda watu wakawa wanajadili 1963: nani alitaka kuondoka na ardhi kuipeleka Somalia, nani alitega mabomu barabarani, nani alimaliza ngamia wa nani. Wengi wa waliokuwa wakirushiana maneno hawakuwa wamezaliwa wakati wa mauaji ya Wagalla ya 1984, sembuse wakati wa vita vya Shifta vya miaka ya sitini.

Kinyongo hakidumu miaka sitini na ushei hivi hivi tu. Lazima kuna kinachokilisha. Wapo wanaosema kinalishwa na wanasiasa na wanaharakati wasioacha kuchokonoa kidonda ili wapate cha kusemea. Wapo wanaosema kinalishwa na serikali iliyoua, ikaficha, kisha ikadai hakuna kilichotokea. Kila upande una hoja nzito kuliko mwenzake anavyopenda kukubali.

Kwa asiye Mkenya, kisa chenyewe ni hiki. Eneo lote la kaskazini, Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo, Waingereza waliliita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, au NFD. Waliliendesha kama ua lililofungwa: tangu 1926 kulikuwa na sheria ya kuingia na kutoka kwa kibali, na baadaye zikaongezwa nyingine zilizoruhusu ukoo mzima kuadhibiwa kwa kosa la mmoja wao. Shule, reli na hospitali vilijengwa kusini. Uhuru ulipokaribia, mwaka 1962 iliundwa tume ya watu wawili, Mnigeria mmoja na Mkanada mmoja, kwenda kuwauliza wakazi wanataka nini. Jibu la Wasomali, na la Waislamu wengi wa jamii nyingine, lilikuwa wazi: hatutaki Kenya, tunataka kuungana na Somalia. Zilikuwapo pia jamii zilizotaka kubaki Kenya, na hizo hazizungumzwi sana siku hizi.

Uingereza ilipokea jibu hilo kisha ikafanya kinyume chake. Machi 1963 iliamua eneo la Wasomali liwe mkoa wa saba wa Kenya. Somalia ikakata uhusiano wa kibalozi na London. Uchaguzi wa Mei mwaka huo ulisusiwa na sehemu kubwa ya kaskazini. Mwisho wa Desemba, wiki mbili tu baada ya bendera ya Kenya kupandishwa, serikali ya Jomo Kenyatta ikatangaza hali ya hatari huko. Vita vilivyofuata vinaitwa vya Shifta, jina la majambazi, na jina hilo lilichaguliwa na upande mmoja tu.

Viliisha rasmi Oktoba 1967 mjini Arusha, Mwalimu Nyerere akiwa mwenyeji na Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi, Kenyatta upande huu na Waziri Mkuu Egal wa Somalia upande ule. Waliokaa mezani walikuwa wakuu wa nchi mbili. Watu wa kaskazini, ambao ndio waliopigana na ndio waliopigwa, hawakuwa na kiti chao. Mapatano yalikuwa ya mpaka na redio za propaganda, yakawa hayana la kusema juu ya mfugaji wa Garba Tula, huko Isiolo, aliyebaki bila mnyama hata mmoja.

Tuanze na hoja ya dola, kwa sababu wanaotetea kaskazini huipita haraka mno. Kenya ya 1963 ilikuwa nchi changa, na nchi jirani ilikuwa imechora nyota yenye pembe tano kwenye bendera yake, pembe moja ikiwa ni kaskazini mwa Kenya. Silaha zilitoka Mogadishu. Mafunzo yalitoka Mogadishu. Julai 1964 viongozi wa Afrika walikutana Cairo wakakubaliana kwamba mipaka ya mkoloni, mibovu ilivyo, iheshimiwe, kwa hofu kwamba ukifungua mmoja yote itafunguka. Ukiangalia yaliyoipata Pembe ya Afrika baadaye, vita vya Ogaden vya 1977 na kuporomoka kwa Somalia yenyewe 1991, ni vigumu kusema hofu ile ilikuwa ya bure. Sijui serikali gani, ya chama chochote, ingeachia zaidi ya theluthi ya nchi iende kwa kura.

Tena waasi hawakuwa malaika. Daudi Dabasso Wabera alikuwa mtoto wa kaskazini, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya (DC) wa Isiolo. Juni 1963 aliuawa kwa risasi pamoja na chifu mashuhuri wa Kiborana, Haji Galma Dido, walipokuwa njiani kuwasihi watu wao wabaki Kenya. Leo mtu anapita Barabara ya Wabera katikati ya Nairobi, anakunywa chai, anapanda matatu, hajui jina ni la nani. Huyu ni Mkenya wa kaskazini aliyeuawa kwa kuchagua Kenya. Yeyote anayesimulia vita vile kana kwamba kaskazini yote ilikuwa upande mmoja na risasi zote zilitoka upande mwingine, amemfuta Wabera mara ya pili.

Baadaye waasi walitega mabomu ya ardhini, na bomu la ardhini halichagui. Lori la jeshi, lori la mahindi, gari la mganga, vyote vilipaa.

Lakini hoja ya dola inafika mahali inakwama. Kutetea mpaka ni jambo moja, na namna ya kuutetea ni jambo lingine. Kuanzia 1966 serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa, watu ambao maisha yao yote ni kuhama kufuata mvua na majani. Waingereza waliwafanyia Wakikuyu vivyo hivyo wakati wa Mau Mau, na baadhi ya waliotia saini amri za 1966 walilijua jambo hilo kutoka upande wa waliofungiwa. Mfugo ukizuiwa sehemu moja unakula nyasi zote, kisha unakufa. Ambao haukufa kwa njaa ulitaifishwa au ulipigwa risasi, kwa hesabu kwamba ngamia ndiye anayembeba shifta. Isiolo, waliokuwa matajiri wa ngamia waliingia miaka ya sabini wakipanga foleni ya chakula cha msaada. Athari ya vita kwa jamii ile haikuwa ya miaka minne. Mtu aliyepoteza ngamia mia moja hakupoteza mali tu. Alipoteza mahari ya wanawe, dhamana yake ya ukame ujao na heshima yake kizingitini, na hakuna mshahara wa kuanzia upya.

Wakati huohuo, mwaka 1965, Nairobi ilikuwa inaandika mpango wake mkuu wa uchumi, ule Waraka wa Kikao Nambari 10 uliosimamiwa na wizara ya Tom Mboya. Kanuni yake ilisema, kwa ufupi, fedha za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri, mvua, barabara, na watu walio tayari kwa maendeleo, kwa kuwa huko ndiko zitakakozaa haraka. Kwa mhasibu ni hesabu safi. Kwa kaskazini, ambako mkoloni alikuwa amekwisha kukunyima barabara na mvua hukunyimwa na Mungu, maana yake ilikuwa kwamba kunyimwa kwa jana ndiyo sababu ya kunyimwa kesho. Siamini waraka ule uliandikwa kwa chuki dhidi ya Wasomali. Turkana na Pokot nao waliumia. Ila ulitoka vita vikiendelea, na mtu wa Wajir akizisoma habari hizo mbili pamoja ana haki ya kuona mkono mmoja.

Sasa tufike Wagalla, mahali ambapo nadhani pande zote mbili hukosea kosa lilelile.

Februari 1984, vyombo vya usalama viliwazoa wanaume wa ukoo wa Degodia kutoka mji wa Wajir na vitongoji vyake, wakapelekwa kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Wagalla, kilomita chache kutoka mjini. Lengo lililotajwa lilikuwa kuwanyang'anya silaha, kwa sababu Degodia walikuwa katika ugomvi wa damu na majirani zao wa ukoo wa Ajuran. Waliamriwa wavue nguo, wakalazwa kifudifudi juu ya changarawe ya moto. Jua la Wajir mwezi wa Februari anayelijua haulizi maswali. Siku zikapita bila maji wala chakula. Wengine walikufa kwa kiu, wengine kwa kipigo, na wengine walipojaribu kuvunja ua na kukimbia walimiminiwa risasi. Maiti zilipakiwa kwenye malori zikatupwa porini. Aliyesaidia dunia ijue ni Annalena Tonelli, Mtaliano aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir: yeye na wenzake walizunguka porini wakiokota waliokufa na waliobaki na pumzi. Mwaka uliofuata alifukuzwa nchini.

Serikali ilisema waliokufa walikuwa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika baadaye kwamba walikaribia 1,000. Wenyeji wanataja idadi kubwa zaidi ya hiyo.

Hebu tazama tarehe. 1984. Vita vya Shifta vilikuwa vimeisha miaka 16 nyuma. Hakuna aliyekuwa Wagalla kwa sababu ya kutaka kujitenga. Miaka miwili kabla yake, jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lilipotokea Nairobi, mmoja wa maafisa walioongoza kulizima na kuirudisha redio ya taifa mikononi mwa serikali alikuwa Mahamoud Mohamed, Msomali wa Kenya, ambaye baadaye Rais Moi alimfanya Mkuu wa Majeshi. Kama uaminifu kwa Kenya ulihitaji ushahidi, ushahidi ulikuwapo na ulikuwa na cheo.

Hata hivyo, wanaotetea dola hutaja Wagalla kwa pumzi moja na Shifta: ni eneo gumu, watu wana bunduki, walianza wenyewe. Na wanaharakati wa kaskazini nao hufanya hivyohivyo kwa nia tofauti. Wanaunga 1963, mauaji ya Bulla Karatasi ya Garissa mwaka 1980, Wagalla 1984 na misako ya 2014 huko Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, uwe mnyororo mmoja wa mateso usio na pingili. Wote wawili wanapoteza kitu. Wa kwanza wanaitumia vita kufunika mauaji ya raia wakati wa amani. Wa pili wanaliingiza kosa lililo wazi kabisa, ambalo hakuna mwanasheria wa serikali angeweza kulitetea mahakamani, ndani ya mgogoro wenye lawama pande mbili, kisha wanashangaa kwa nini msikilizaji wa Nyeri au Kisii anasema "lakini na nyinyi mlitaka kujitenga". Ningekuwa wakili wao ningezitenganisha kesi hizo mchana kweupe.

Ila ukiuliza nani alizichanganya kwanza, jibu ni dola yenyewe. Vita viliisha 1967, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika katika mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi 1991. Mtoto aliyezaliwa Garissa mwaka wa mapatano ya Arusha alitimiza miaka 24 akiishi chini ya kanuni za vita ambavyo hakuviona. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa walilofanya huko kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Mwaka 1989, Jenerali Mahamoud akiwa ndiye Mkuu wa Majeshi, serikali iliwaamuru Wasomali wa Kenya wote wapigwe msasa na wabebe kadi ya ziada, ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho cha kawaida. Mkuu wa majeshi wa nchi anatoka katika jamii ambayo nchi inaitilia shaka kama ni ya nchi. Moi alikuwa na mengi ya ajabu, lakini hili sidhani kama aliwahi kuulizwa akalijibu vizuri.

Hapa ndipo nilipoegemea. Kinyongo cha kaskazini hakirithishwi sana na masimulizi ya wazee, ingawa masimulizi yapo. Kinapata uhai mpya kila mwaka kwenye dirisha la ofisi. Vita vilimalizika, vyombo vyake vikabaki kazini.

Chukua vijana wawili waliofikisha miaka 18. Wa kwanza yuko Murang'a. Anapeleka cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi kwa msajili, chifu anagonga muhuri, alama za vidole zinachukuliwa, anarudi nyumbani kusubiri. Wa pili yuko Wajir. Kwa miaka mingi ilibidi asubiri kamati ikae, na kamati hukaa siku zake. Mezani kuna wazee, chifu, afisa wa utawala na watu wa usalama. Anaulizwa ukoo, mbari, babu alizikwa wapi, chifu wa zamani wa lokesheni aliitwa nani. Akibabaika kidogo anaambiwa arudi na mzee wa kumshuhudia. Mzee yuko malishoni, siku mbili mbali na barabara. Akirudi naye, kamati haiketi wiki hiyo. Bila kitambulisho hapati laini ya simu kwa jina lake, hapati nafasi chuoni, hapigi kura, na akisafiri kwenda Nairobi anateremshwa kwenye basi kila kizuizi cha polisi huku wenzake wakimtazama dirishani. Huyo hahitaji babu amsimulie Shifta. Amefundishwa na karani.

Wanubi wa Kibra, Nairobi, nao wanaujua mwendo huo, na Waislamu wengi wa pwani pia, kwa hiyo tusidai ni Wasomali peke yao.

Wenye hoja ya usalama watasema: sawa, lakini mpaka na Somalia ni kilomita zipatazo 680, dola ya upande wa pili iliporomoka, wakimbizi mamia ya maelfu wako kwenye kambi za Dadaab, na lugha, dini na koo ni zilezile kuvuka mpaka. Bila msasa mtajuaje nani ni nani? Ni swali halali na halijibiwi kwa kupiga makofi uwanjani. Tatizo ni kwamba msasa wenyewe haukuwa ukilijibu. Wakenya wanaokadiriwa kufikia 40,000, wakati wa njaa, walijiandikisha kambini kama wakimbizi ili wapate mgao, na alama zao za vidole zikawafunga nje ya uraia wao wenyewe kwa miaka. Upande wa pili, kila mtu kaskazini anajua kwamba mgeni mwenye pesa hakukwama. Kichujio kinachomzuia maskini mwenyeji na kumpitisha tajiri mgeni hakiwezi kuitwa ulinzi wa nchi.

Kuna kinyongo kingine ambacho wachambuzi wengi wa mambo haya hukigusa juu juu, nacho ni cha wasio wenyeji waliotumwa kaskazini. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilisimamishwa alfajiri, abiria wakatenganishwa kwa dini, 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu wakirudi nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Siku chache baadaye wachimba mawe 36 waliuawa karibu na mji huohuo. Aprili 2015 wauaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, na mmoja wa washambuliaji alikuwa mtoto wa chifu kutoka Mandera, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Huyu hakuwa mgeni aliyevuka mpaka usiku. Alikuwa na kitambulisho, shahada na baba mtumishi wa serikali.

Mwalimu wa kutoka Siaya au Machakos aliyenusurika hapo, ukimweleza habari za kutengwa kwa kaskazini, anakusikiliza kwa sikio moja. Yeye alikwenda kufundisha watoto ambao hakuna mwingine aliyetaka kuwafundisha, kwa mshahara uleule, akiitwa kwa dharau "nywele ngumu" sokoni, kisha wenzake wakaletwa kwao kwenye majeneza. Mwaka 2015 walimu hao walipiga kambi nje ya makao makuu ya tume ya walimu Nairobi wakikataa kurudi. Walilaumiwa kwamba wanawaacha watoto. Baada ya mashambulizi mengine, Wajir 2018 na Kamuthe huko Garissa Januari 2020, walimu wasio wenyeji walihamishwa kwa wingi na shule zikabaki na mwalimu mmoja au na kufuli.

Na Nairobi, Msomali anaitwa kwa dharau "waria", na mwaka 2014 wengi walifungiwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani waonyeshe karatasi zao. Kila upande una wafu wake na kila upande unaamini wa upande mwingine hawahesabu wafu wale. Nasisitiza hili kwa sababu mpango wowote wa haki utakaozungumzia Wagalla na usitaje basi la Mandera utasomwa huku kusini kama upendeleo, hata kama kimantiki muuaji wa kwanza ni dola na wa pili ni kundi la kigaidi.

Desemba 2015, karibu na El Wak, basi lingine lilisimamishwa. Abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo, wanawake wakawapa wenzao mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kugoma, akafariki mwezi uliofuata. Hadithi hiyo husimuliwa sana kwenye hotuba za umoja. Ni ya kweli na ni kubwa, ila haitoshi kuwa sera.

Vipi kuhusu maendeleo, dawa inayotajwa na kila rais? Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo kwa kweli. Tangu 2013 kaunti za kaskazini zinapata mgao wake bila kupiga magoti, na Mandera imo katika orodha ya zinazopata mgao mkubwa zaidi. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, kama kilomita 500 ambazo zamani zilikuwa siku mbili za vumbi juu ya lori la ng'ombe, sasa ni lami. Mji wa Mandera uliona lami yake ya kwanza chini ya serikali ya kaunti, nusu karne baada ya uhuru. Kipo pia kifungu cha Mfuko wa Usawazishaji, asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kwa miaka 20 kwa ajili ya maji, barabara, umeme na afya katika maeneo yaliyoachwa nyuma, ingawa fedha zake zilikwama miaka kati ya wizara, magavana na mahakama.

Upande wa wasemao "yaliyopita si ndwele" una nguvu hapa. Wanauliza: mmepata fedha, mmepata magavana, mmepata mawaziri, mabilioni yamekwenda wapi na kisima bado kimekauka? Swali linauma kwa kuwa wenyeji wenyewe wanaliuliza, kwa sauti ya chini. Nimeona mara nyingi kiongozi akiulizwa na wakaguzi wa hesabu, neno "kutengwa" linatoka haraka kuliko risiti. Kinyongo cha zamani ni mtaji mzuri wa kisiasa kwa mtu mwenye jambo la kuficha leo. Na ndani ya kaskazini zipo koo ndogo zinazolalamika kwamba ukoo mkubwa umeigeuza kaunti kuwa Nairobi mpya.

Lakini lami haikufuta jambo moja. Kijana alisafiri kwenye barabara mpya, akashushwa kwenye kizuizi kilekile, akaulizwa lile swali la zamani. Basi limekwenda kasi zaidi kumfikisha kwenye dharau. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani fedha pekee zitamaliza kisa hiki, kama vile sikubaliani na wanaodhani kitamalizwa na radhi pekee.

Radhi zimekwisha kuombwa, hata hivyo. Tume ya Ukweli ilianza vibaya. Mwenyekiti wake, Balozi Bethuel Kiplagat, alishutumiwa kwamba alihudhuria kikao cha usalama Wajir siku chache kabla ya Wagalla. Alikana kwamba kikao hicho kilipanga mauaji, lakini ilibidi akae kando tangu mwishoni mwa 2010, akarudi kabla ya ripoti kukamilika. Hebu fikiri kuwa mjane wa Wagalla uitwe kutoa ushahidi mbele ya tume yenye mwenyekiti huyo. Ripoti ilikabidhiwa kwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013, ikapelekwa Bungeni, ikalala. Machi 2015 Rais aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa makosa yote ya tawala zilizopita na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Radhi ilikuwa ya wote kwa yote, nchi nzima kwa sentensi chache, na watu wa Wagalla hawajaona fidia iliyotajwa kwa jina lao kutoka mfuko ule.

Je, fidia ilipwe? Wapinzani wanasema ukiilipa Wagalla utawalipa wa mauaji ya Kisumu ya 1969, wa Mlima Elgon, na waliofurushwa kwenye ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, na hazina haina uwezo huo. Naiheshimu hoja hii kwa vita vya 1963 hadi 1967. Huko madhara yalienea mno, wahusika wa pande zote wamekufa, na mpigaji na mpigwa wakati mwingine walikuwa mtu mmoja katika miezi tofauti. Kwa kipindi kile ningetosheka na kukiri rasmi, nyaraka zifunguliwe, na somo la vita hivyo liingie kwenye vitabu vya shule likiwa na Wabera na likiwa na vijiji vya lazima, kurasa zinazofuatana.

Wagalla ni tofauti. Mahali panajulikana, tarehe zinajulikana, vikosi vinajulikana, na majina ya wengi wa waliokufa yameandikwa. Aliyekuwa na miaka 20 kwenye uwanja ule sasa amepita 60. Ni kesi yenye mipaka, inaweza kulipwa bila kufungua milango mingine yote, na kila mwaka unaopita walipwaji wanapungua, jambo ambalo huenda mtu fulani hazina ameshalipigia hesabu.

Kuhusu vitambulisho, tangazo la rais ni hatua ya kweli, lakini ni tangazo. Lililofutwa kwa saini moja jukwaani linaweza kurudishwa kwa waraka mmoja wa wizara, usiku wa kuamkia shambulio linalofuata, na litakaporudi hakuna atakayepigwa picha akilitia saini. Shambulio linalofuata litakuja, kwa sababu Al-Shabaab wanaujua vizuri mshono huu wa nchi na wamekuwa wakiuvuta kwa makusudi tangu 2011. Bunge ndilo linalopaswa kuandika utaratibu mmoja wa usajili kwa Murang'a na Wajir, wenye siku maalumu za kujibiwa na haki ya kukata rufaa, na wenye adhabu kwa afisa anayeuza uraia. Wabunge wa kaskazini wana idadi ya kutosha kuufanya huo uwe sharti la kura zao kwa muungano wowote wa 2027. Mpaka sasa wengi wao wanaonekana kuridhika na picha ya Wajir.